Samadi ya Mutua

Changamwe, Jumamosi, Mei 1944

Mvua imekatika sasa hivi na makuti bado yanadondosha matone. Jua limerudi kidogo kabla ya kuzama, lile jua la njano la baada ya mvua linaloufanya hata ukuta wetu wa udongo uonekane mpya. Mama amejilaza chumbani, mguu wake ameupandisha juu ya mto. Dama yuko kwa jirani anacheza. Mimi nimeketi kibarazani, na mikono yangu inanuka zizi ingawa nimeisugua kwa majivu, kisha kwa ndimu, kisha kwa majivu tena.

Leo nimelia njiani mbele za watu, tena kwa sababu ya gunia la mavi ya ng'ombe.

Nataka kuyaandika haya kabla hayajachanganyika, maana moyo wangu umejaa na nikilala nitaamka nimeyapanga vizuri kuliko yalivyokuwa.

Huyu ninayemwita Mama si aliyenizaa. Ni mama wa Samweli, marehemu mume wangu. Samweli alikuwa akifanya kazi ya reli, akafa kwa homa Dama akiwa hajajua kutembea. Hakuwa na ndugu. Mama alimzaa yeye peke yake, na alipompa mjukuu, mjukuu akapewa jina la bibi yake, ndiyo maana nyumbani mwetu kuna Dama wawili, nao huitana somo. Matanga yalipokwisha baba yangu alikuja kutoka Rabai kunichukua. Nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo. Nikamwona Mama ameketi kitandani akikunja shati la kazi la Samweli, akilikunjua, akilikunja tena. Nikaenda nje nikamwambia baba arudi peke yake.

Tangu hapo tumeishi watatu kwenye mteremko huu, na juu yetu ndege za jeshi zikipaa na kushuka mpaka kuku wamezizoea.

Shamba lenyewe lilikuwa limechoka. Mchanga juu, jiwe chini. Muhogo ulikuwa ukitoa mizizi myembamba kama vidole vyangu, na mahindi yalikuwa yakitoa maua kisha yanasimama hapo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mahindi ya kununua nayo ni ya kupimiwa siku hizi, unasimama foleni tangu asubuhi na huenda ukarudi na kikapu kitupu. Basi bwana shamba alipokuja uwanjani kwa kanisa kutuonyesha namna ya kutengeneza mboji, nilikaa mbele kabisa. Wanaume walisimama nyuma wakitania. Walisema sasa serikali inatufundisha kupanga takataka.

Nilirudi nyumbani nikaanza siku ile ile. Majani makavu chini, juu yake majani mabichi, juu yake samadi, majivu, udongo kidogo, maji, kisha unaanza upya mpaka biwi linafika kiunoni. Katikati unachomeka mti mrefu. Baada ya siku chache unauchomoa na kuushika. Ukiwa wa moto, biwi linafanya kazi.

Mti wangu ulikuwa baridi kama kisu.

Nilijua kasoro iko wapi. Tuna mbuzi wawili tu, na samadi yao haijazi hata chungu. Nikaongeza maganda ya muhogo. Nikaokota majani ya mkorosho mpaka makaburini. Majirani walianza kuniita nikapokee taka zao. Bi Rukia anayekaa chini yetu, Mwislamu mwema ambaye hanyamazi, aliniletea majivu ya jiko lake na maganda ya ndizi akasema, "Wallahi Raheli, kila nikikuona na hilo pakacha naona kama umepoteza pete." Wengine wakafuata. Ikawa ukipika kwako, maganda yanakuja kwangu. Biwi likanenepa lakini halikupata joto.

Mama alichukia. Hakupiga kelele, si tabia yake. Alikuwa akipita akizunguka mbali, kanga imeziba pua, huku akisema kwa sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake: "Watu huzitoa taka uani. Huyu wangu azirudisha. Wageni wakija kutuamkia watapita wapi?"

Hakukuwa na wageni wowote waliokuwa wakija kutuamkia. Sikumwambia.

Kisha nikakutana na Mutua.

Ni Mkamba, kaja pwani zamani kutafuta kazi, na huchunga na kukama ng'ombe wa tajiri mmoja wa maziwa, ng'ambo ya reli. Ni mrefu, mkimya, na akitembea huinama kidogo kama anayepita mlangoni. Nilikuwa nikimwona njiani na ng'ombe wake, tunaamkiana, basi. Siku hiyo ng'ombe mmoja aliangusha mzigo wake mbele yangu nami nikatua kikapu, nikakata jani la mgomba, nikaanza kuuzoa.

Akasimama. "Mama, umepoteza kitu?"

"Sikupoteza. Hii nimeipata," nikasema. "Ukiwa nayo nyingine ya ziada, nitaitaka."

"Watu huniomba maziwa," akasema. "Wewe ni wa kwanza kuniomba hii."

Jumamosi iliyofuata alikuja na gunia kichwani. Akalitua, akaamkia kwa heshima, akaondoka bila kunywa hata maji. Jumamosi nyingine akaja tena. Tulibomoa biwi lote tukalipanga upya mimi na yeye, na baada ya siku chache nikauchomoa ule mti nikaupeleka mbio jikoni kwa Mama, nikamwambia ushike. Akaushika. Akautupa chini. "Umeuweka motoni?" akauliza. Nikamwambia hapana, Mama, umetoka kwenye taka zako. Asubuhi kukiwa na baridi biwi lilikuwa likitoa moshi mwembamba, na Dama alikuwa akiamka kwenda kuotea mikono yake hapo kabla ya shule.

Ninapotazama nyuma, naona mwaka mzima umepita hivyo. Mboji ya kwanza ilikuwa nyeusi, laini, inanukia kama msitu baada ya mvua. Niliitia kwenye matuta ya mchicha, na mchicha ukaja na majani ambayo nilikuwa nikiwafunikia watu mikono yao kuwaonyesha ukubwa. Nauza mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Bi Rukia naye kachimba shimo lake. Mama hakusema neno la sifa, lakini siku moja nilimkuta amesimama kando ya biwi na sahani ya maganda, akitazama huku na huku kama mwizi, kisha akayamwaga. Nilirudi ndani taratibu asinione.

Na Mutua alikuwa akija kila Jumamosi.

Nitaandika ukweli hapa maana hakuna anayesoma. Nilianza kuoga mapema Jumamosi. Nilianza kuvaa leso nzuri kwenda kupindua samadi. Nilimwambia Dama kwamba ni kwa sababu ile ya kazi imechanika, na Dama akaenda kuitazama, akarudi akasema haijachanika.

Hakuwa mtu wa kuleta zawadi. Hakuleta kitambaa, hakuleta marashi. Alileta gunia. Alipoona mvua inachukua rutuba yote, alijenga kibanda kidogo cha makuti juu ya biwi, akakifunga kwa kamba nzuri kuliko zile zilizofunga paa letu. Tulipokuwa tukipindua, yeye upande huu kwa jembe na mimi upande ule kwa uma, alikuwa akinieleza kidogo kidogo mambo ya kwao. Habari ya mamake niliisikia hivyo. Mamake alikufa yeye yuko huku pwani, na habari zilimfikia wameshamaliza kuzika. "Nilikuwa nakama," alisema. "Nikamaliza kukama. Sikujua nifanye nini kingine." Akaendelea kupindua. Nami nikaendelea kupindua. Nilitamani kumshika mkono lakini mikono yetu ilikuwa katika hali ile.

Wiki kadhaa zilizopita alinena.

Tulikuwa tumemaliza kazi. Alisimama na gunia lake tupu analikunja. "Mama Dama," akasema, "mimi si mtu wa maneno. Nimekuletea mavi mwaka mzima. Mtu hafanyi hivyo kwa ajili ya mchicha."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Naye akacheka, na kucheka kwake ndiko kulikoniogopesha, kwa sababu nilitaka kukusikia tena.

"Nataka kukuoa," akasema. "Nina chumba kule kwa tajiri. Baadaye tutakwenda kwetu, kuna ardhi."

"Na Mama?"

"Mama atakuja pia."

Nikamwambia hataondoka. Kaburi la Samweli liko hapa chini ya shamba, na Mama hupalilia pale kila Jumapili baada ya ibada, anang'oa majani hata yale ambayo hayajaota. Nikamuuliza kama anaweza kuja kukaa kwetu. Nilimwona amesononeka. "Mwanamume ahamie kwa mwanamke, nyumba ya mume wake wa kwanza? Watu wa kwetu watanicheka mpaka kaburini, Mama Dama. Nawe utachoka kuwa na mume anayechekwa."

Hakuwa na kiburi alipolisema hilo. Alikuwa na huzuni. Basi nikamjibu kwamba siwezi. Nikamwambia ahsante, lakini siwezi, nimemkuta Mama na mtoto mmoja akampoteza, sitamfanya apoteze na wengine wawili. Akaitikia kwa kichwa. Akalitia gunia kwapani, akateremka.

Jumamosi iliyofuata hakuja.

Wala iliyofuata. Nilipindua biwi peke yangu. Likapoa. Nikajiambia kuna mboji ya kutosha ya msimu huu, na kwamba mtu aliyeishi bila samadi anaweza kuishi bila samadi tena. Mambo ya kijinga ambayo mtu hujiambia. Nilivaa ile leso ya kazi ambayo haijachanika.

Mama aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunakuna nazi. "Mtu wako wa samadi ni mgonjwa?"

"Ana kazi nyingi, Mama."

"Ng'ombe wameongezeka?"

"Pengine."

Akanitazama, akarudi kwenye nazi yake. Nilidhani yamekwisha.

Sasa ya leo.

Asubuhi nilikwenda kuuza mchicha. Nilirudi mapema kwa kuwa mawingu yalikuwa yamekaa vibaya upande wa bahari. Nyumba ilikuwa kimya. Kigoda cha Mama kitupu, mkongojo haupo. Dama alikuwa uani anawapa kuku maji.

"Hawe yuko wapi?" nikamuuliza. Hawe ndivyo watoto wa kwetu wanavyowaita bibi zao.

"Kaenda."

"Kaenda wapi?"

"Hakusema. Kachukua gunia."

Mguu wa Mama umevimba kwa miaka. Kanisani anafika kwa kupumzika njiani, na kanisa liko karibu. Zaidi ya kanisa hajatembea tangu tumzike Samweli. Nilimwacha Dama, nikateremka mbio. Bi Rukia alikuwa mlangoni kwake anaanua nguo.

"Nimemwona!" akasema kabla sijauliza. "Kateremka na mkongojo, na gunia kalitupa begani kama shela. Nikamwambia shikamoo mama, wenda wapi na mvua yaja? Akaniambia marahaba, usinicheleweshe."

Hapo nikajua alikokwenda, nikazidi kukimbia.

Mvua ilinikuta njiani. Si mvua ya kungoja chini ya mti, ilikuwa ile inayomwagwa kwa ndoo. Njia ya kuelekea relini ilikuwa imekuwa mfereji, udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Nilivua viatu nikavishika. Kila jiwe nililoliona mbele nilidhani ni yeye ameanguka. Nilikuwa nikimwomba Mungu na kumgombeza kwa pumzi moja. Nikafikiri: nilikataa kuondoka ili asibaki peke yake, na sasa yuko peke yake kwenye mvua kwa ajili yangu.

Niliwaona kwenye kona ya chini, pale njia inapoanza kupanda. Mama alikuwa mbele, jani la mgomba juu ya kichwa chake, anapanda kwa mkongojo, hatua, pumziko, hatua. Nyuma yake alikuwa Mutua na gunia kichwani. Mvua ilikuwa imepita ndani ya gunia lile, na maji yake ya kahawia yalikuwa yakimtiririka usoni, shingoni, kwenye shati lake jeupe. Maana alikuwa amevaa shati jeupe. Hakulifuta. Mkono mmoja ulikuwa umeshika gunia na mwingine ameunyoosha nyuma ya mgongo wa Mama bila kuugusa, tayari kumdaka akiteleza.

Ndipo nilipolia. Wafanyakazi wa reli walikuwa wamejikinga mvua kwenye banda lao, wote wakanitazama. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

"Mama, je, ungeanguka?"

"Ningeinuka," akasema Mama. "Toka njiani, tumelowa."

Tulipofika aliketi kwenye kigoda akaniachia nimvue kanga iliyolowa, nimfunge kavu, nimkande mguu kwa maji moto. Mutua aliingia uani moja kwa moja, akafungua kibanda chake cha makuti, akamwaga samadi juu ya biwi lililopoa. Kisha akasimama kwenye mvua. Hakujua kama aingie au aende.

"Wewe, ingia," Mama akamwita.

"Nitachafua nyumba, Bibi."

"Nyumba ya udongo itachafuliwa na nini? Ingia. Tena nimekwambia kule usiniite Bibi."

Akaingia, akachuchumaa karibu na mlango. Mama alikuwa bado anahema. Hivyo ikawa Mutua ndiye aliyenieleza, macho yake yakitazama sakafu. Alikuwa anakama. Akasikia mkongojo. Akainua kichwa akamwona Mama mlangoni kwa zizi. Mama hakusema kilichomleta. Aliomba maji, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtazama akikama mpaka akamaliza. Kisha akamuuliza nani alimfundisha kukama. Mutua akamwambia ni mamake. Mama akauliza yu hai? Akamwambia hapana.

"Halafu?" nikauliza.

Mama akadakia mwenyewe.

"Halafu nikamwambia nilichokwenda kumwambia. Siku ile mlipokuwa mnasemezana pale kwenye biwi, mimi nilikuwa jikoni napepeta mchele. Nina mguu mbaya, Raheli. Masikio yangu ni mazima."

Niliinamisha uso. Nilikuwa nimeshika mguu wake, sikuwa na pa kukimbilia.

"Huyu haji kwa sababu ya watu wa kwao," akasema. "Wewe huendi kwa sababu yangu. Na mimi nimekaa katikati yenu kama ukuta, wala hakuna aliyeniuliza kama nataka kuwa ukuta. Basi nimemwambia hivi. Mimi sina mtoto wa kiume na wewe huna mama. Pale chini, mahali Samweli alipokuwa akisema atajenga nyumba ya bati, pako wazi. Jenga pale. Hutahamia kwa mwanamke. Utakuwa umehamia kwa mamako, na mwanamume kukaa karibu na mamake hakuna anayemcheka, si kwa Wakamba si kwa Warabai."

Mvua ilikuwa imeanza kupungua. Nilisikia kila tone.

"Na Samweli, Mama?" Sikujua kama nitaweza kulitamka jina lake, lakini lilitoka.

Akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu. Mama si mtu wa kumshika mtu. "Samweli tulimzika mimi na wewe," akasema polepole. "Na tutaendelea kupalilia mimi na wewe. Lakini ulikuwa na miaka ya binti ulipobaki hapa. Kila Jumamosi nilikuwa nikikusikia wacheka huko nje. Wiki hizi sikusikia. Nyumba ilinitisha, mwanangu. Usikae nami kwa kunihurumia. Kaa kwa kuwa wapataka."

Kisha akasema amechoka, anataka kulala, na akaenda zake chumbani akituacha tumechuchumaa wawili kama watoto waliokaripiwa.

Mutua alitoka nje. Nikamfuata. Alikuwa anapanga ile samadi vizuri kwa mikono, anaitandaza mpaka pembeni, nami nikachota majani makavu nikamwagia juu yake. Tukamaliza tabaka lile.

"Sijui kama bado wataka jibu lingine," nikasema.

"Nililibeba lile gunia kwa kufikiri nini?"

"Ulilibeba kwa kuwa Mama alikuamuru."

"Alinipa gunia tupu," akasema. "Aliniambia nilijaze nikitaka, na nisipotaka nimrudishie." Akajifuta uso kwa mkono akazidi kujipaka. "Mama Dama. Nijenge?"

Nilimtazama. Shati lile jeupe halitakuwa jeupe tena maisha yake yote.

"Jenga," nikamwambia.

Ndivyo ilivyokuwa. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo, na sitaki kuyatafuta.

Dama alirudi kutoka kwa Bi Rukia alikojikinga mvua, akamkuta Mutua ameketi kibarazani anakunywa chai kwenye kikombe cha wageni. Tulimweleza kwa uangalifu mwingi, nilikuwa nimeandaa maneno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ng'ombe nao watahamia. Mutua akamwambia wale ni wa tajiri, ila huenda siku moja mmoja wa kwetu. Dama akafikiri. Akasema yeye atamchagulia jina. Nikaona ameridhika, au labda atakuja na maswali yake baadaye, ni mtoto wa kukaa na jambo kabla ya kuliuliza. Nitamngoja.

Kuna mengi ya kufanya. Mutua lazima apeleke habari kwa mjomba wake, ambaye ndiye mkubwa wake sasa. Lazima aende Rabai kwa baba yangu, na baba atamzungusha kidogo, namjua. Lazima tumwone mchungaji. Na nina hofu, siwezi kusema sina. Ninaogopa siku nitakayomsahau Samweli kwa saa nzima nisijue. Naogopa watu watakaosema nilimlipa mchunga ng'ombe kwa mchicha. Naogopa pia furaha yenyewe, jinsi ilivyonikalia kifuani tangu mchana na haitaki kushuka.

Lakini Mutua alipokuwa anaondoka Mama aliita kutoka chumbani, "Mutua, pita pole, njia yateleza." Naye akajibu, "Ndiyo, Mama." Akasimama pale mlangoni baada ya kulisema. Nadhani ni miaka mingi hajalitamka neno hilo kama mtoto kwa mamake.

Jua sasa limekwisha kabisa na siwezi kuona mistari vizuri. Nilidhani Mama amelala, lakini ameniita sasa hivi.

"Abee, Mama."

"Hao Wakamba hawali samaki, sivyo?"

"Nasikia wengi wao hawali."

"Nami nimemwambia kesho baada ya ibada aje kula kwetu, na jikoni kuna samaki tu." Nikamsikia anahangaika. "Sasa tutampikia nini, Raheli? Huyo hula nini?"

Nimemwambia sijui. Mwaka mzima, na kumbe sijui mtu huyu hula nini, wala hulala upande gani, wala huimba wimbo gani akiwa peke yake na ng'ombe wake. Kesho nitamuuliza kimoja kimoja. Hatuna haraka.